Namna ya kudili na wateja wakorofi dukani bila kupoteza kazi wala akili

Kama unauza dukani, iwe supamaketi, duka la nguo, la simu, la dawa, popote pale unaposimama nyuma ya kaunta, mteja mkorofi utakutana naye tu. Ushauri unaopewa kila siku ni wa aina mbili, kuna wale wa "vumilia, mteja ni mfalme" na kuna wale wa "mchambe hapo hapo asirudie", na zote mbili zinakuumiza, ya kwanza inakumaliza polepole na ya pili inakutoa kazini siku hiyo hiyo.

Mi naona kazi yote ipo kwenye kutenganisha vitu viwili ambavyo kwa mbali vinafanana, hasira na dharau. Mwenye hasira ana shida, kitu kimeharibika, bei imemchanganya, amekaa foleni muda mrefu, na ukiishughulikia shida yake anapoa, wengine mpaka wanaomba radhi wenyewe. Mwenye dharau hana shida ya kutatuliwa, anachotaka ni wewe uwe chini yake, na huyo hata umpe duka zima atatafuta kingine cha kukukoromea. Wa kwanza unamsaidia, wa pili unamwekea mpaka, na balaa linaanza pale unapobadilisha, unamwekea mpaka mtu aliyeuziwa kitu kibovu, au unambembeleza mtu aliyekuja kukutukana.

Na huu msemo wa mteja hakosei tuuweke sawa kidogo maana ndo fimbo tunayochapwa nayo. Ulivuma mwanzoni mwa miaka ya 1900, unahusishwa na wafanyabiashara kama Marshall Field wa Chicago na Harry Gordon Selfridge, yule aliyefungua duka lake London mwaka 1909. Hoja ilikuwa malalamiko ya mteja yapokelewe kwa uzito badala ya kuambiwa ukishanunua shauri yako. Hakuna mahali panaposema keshia atukanwe. Haya, twende hatua kwa hatua.

1. Kabla hata shifti haijaanza

Asilimia kubwa ya ugomvi wa kaunta unakuzidi kwa sababu hujui mamlaka yako yanaishia wapi, mteja anakubana, unasitasita, anaona unasitasita, anapanda zaidi. Kwa hiyo mfuate bosi siku mambo yametulia umuulize maswali matatu. Kitu gani naruhusiwa kufanya mwenyewe bila kuuliza mtu, kubadilisha bidhaa, kurudisha hela, kupunguza bei, na mwisho wake kiasi gani? Nikizidiwa namwita nani, na huyo akiwa hayupo namwita nani? Na mtu akinitukana au akinitishia, naruhusiwa kuacha kumhudumia?

Hilo la mwisho mabosi wengi hawajawahi hata kulifikiria, atakuna kichwa, mwache akune ila usiondoke bila jibu, na ukishapata jibu mtumie meseji fupi "bosi kama tulivyoongea, mtu akitukana nampa onyo mara moja kisha nakuita". Akijibu sawa hiyo meseji itunze.

Kingine ni kukubaliana na wenzako neno la kuombea msaada ambalo mteja hatalistukia. Ukiita "niletee daftari la bluu" na duka halina daftari la bluu, mwenzako anajua aje asimame karibu. Kitu kidogo lakini siku ya siku kinaokoa. Na masharti ya kurudisha bidhaa yabandikwe pale mteja anapolipia, kwa maandishi yanayosomeka, sio nyuma ya risiti kwa herufi za sisimizi.

2. Sekunde za mwanzo ni za mwili wako

Mtu akikujia juu, mwili hausubiri ruhusa yako, adrenalini inamwagika, moyo unaenda mbio, mikono inatetemeka, sauti inapanda yenyewe. Usijilaumu kwa hilo, we shughulika nalo. Vuta pumzi kwa pua kawaida halafu itoe taratibu, kutoa kuwe kurefu kuliko kuvuta, mara mbili tatu, mapigo yanashuka na hakuna atakayegundua unachofanya. Weka chini ulichoshika, sijui mkasi, sijui mashine ya kuskani, maana kitu mkononi kinamfanya mwenye hasira aone unajiandaa kupigana. Mikono ionekane juu ya kaunta, simama upande kidogo badala ya kifua kwa kifua, na ile kaunta ibaki katikati yenu, usizunguke kumfuata.

Uso usicheke. Tunafundishwa tabasamu kwa wateja na ni sawa, ila mtu akiwa anawaka halafu we unatabasamu anaona unamkejeli. Weka uso wa mtu anayesikiliza. Sauti ishushe chini ya yake, usishindane naye, mtu anayepiga kelele peke yake anaanza kujisikia vibaya, mkipiga wawili hakuna anayejisikia.

Na tafadhali neno "tulia" lifute kabisa. Sijawahi kuona mtu aliyeambiwa tulia akatulia.

3. Mwache amwage yote

Hapa wengi tunaharibu kwa kukimbilia kujitetea. Mtu ameanza tu "hii kitu mmeniuzia" tayari tumeshamkata "hapana, sisi huwa tunajaribu kabla ya kuuza", sasa ameacha kugombana na kile kitu anagombana na wewe. Mwache amalize. Mtu ambaye hakatwi kauli kwa kawaida hana maneno mengi kama anavyoonekana, anarudia yale yale mara mbili halafu anaishiwa.

Wakati anaongea kazi yako ni moja, kusikiliza kuna nini ndani ya kelele. "Nyie wezi, kila siku mnaniuzia takataka, nimetoka mbali na jua lote hili, mtoto analia nyumbani" ndani yake kuna mambo mawili tu: kitu kimeharibika na ametumia nauli na muda kurudi. Akimaliza mrudishie kwa maneno machache: "Kwa hiyo chaja imekufa baada ya siku mbili na imebidi urudi tena mpaka huku." Utaona anasema "ndio!" kwa nguvu, na hiyo ndio yake ni ya kwanza mnayokubaliana, mengine yanajengwa juu yake.

Kama baada ya kumsikiliza hivi bado hakuna shida inayoonekana, ni maneno tu juu yako, sura yako, elimu yako, kazi yako, basi ushajua uko na nani, ruka mpaka hatua ya 6.

4. Pole, halafu njia mbili

Pole sio kukiri kosa. "Pole kwa usumbufu wa kurudi" unaweza kuisema hata kama kosa sio la duka wala la kwako. Ila iseme mara moja, ukiirudia rudia inakuwa wimbo na mtu anahisi unamzuga.

Baada ya pole usimwambie kisichowezekana kwanza, anza na kinachowezekana, na ikiwezekana viwe viwili achague mwenyewe. "Naweza kukubadilishia saa hizi hizi, au kama hutaki tena aina hiyo nikuitie supavaiza mzungumze habari ya hela." Mtu aliyeletewa machaguo anaanza kufikiria, na akifikiria kelele inapungua, hii iko hivyo hata kwetu wenyewe tukiwa wateja.

Ukitaja sheria ya duka toa na sababu yake. "Sera hairuhusu" ni ukuta, mtu anaupiga mateke. "Nguo za ndani hazirudi zikishatoka kwa sababu za usafi, hata wewe usingependa kuuziwa iliyorudishwa" ni maelezo, anaweza asiyapende ila anayaelewa. Na jina la kumwitia lichague vizuri, kaka, dada, mama, mzee wangu, yanapoza. "We" na "sikia" yanawasha. "Mpenzi" na "mrembo" kwa mtu usiyemjua mwenye hasira ni petroli. "Kama nilivyokwambia mwanzo" nayo iache, tafsiri yake ni huna masikio.

5. Kesi zinazojirudia

*Chenji.* Hii ndo mama wa ugomvi wote wa kaunta. "Nimekupa noti kubwa, umenirudishia chenji ya ndogo!" Kinga yake ni rahisi na haina gharama: ukipokea noti itaje kwa sauti, kisha usiitumbukize kwenye droo, ilaze juu ya droo mpaka chenji imehesabiwa mkononi mwake na amekubali, hapo ndo iingie ndani. Akidai kingine, noti yake ile pale mnaiangalia wote.

Kama ulishaitumbukiza na anadai, usitoe hela kwenye droo kwa presha ya maneno. Funga droo, mwambie "tutaihesabu sasa hivi mbele ya supavaiza, ikizidi ni ya kwako unaichukua". Hesabu yenyewe: hela uliyoanzia shifti, jumlisha mauzo ya keshi ambayo mashine inaonyesha, toa zilizotolewa kama zipo, linganisha na zilizomo. Ikizidi kwa kiasi kile kile anachodai, yeye yuko sahihi, mpe na umwombe radhi bila kuzunguka. Ikiwa sawa mwonyeshe. Kama foleni ni ndefu haiwezekani kuhesabu, chukua namba yake ya simu, andika saa na kiasi, mwambie droo ikifungwa atapigiwa, na kama kuna kamera juu ya kaunta iangaliwe. Mtu wa kweli atanung'unika ila ataacha namba. Yule wa kubahatisha akisikia droo inahesabiwa huwa anakumbuka ana haraka.

Ndugu yake huyu ni yule anayebadilisha noti katikati ya malipo, "hebu nirudishie hiyo nikupe hii, ah hapana nipe zile mbili", anaongea haraka na anajifanya amekasirika we ni mzito. Uzito ndo dawa yake. Muamala mmoja uishe, droo ifungwe, ndo uanze mwingine, hata akuite majina yote.

*Bei ya shelfu na bei ya kwenye mashine.* Usibishane ukiwa umesimama pale pale, mwambie "twende tukaione wote" kama kuna mtu wa kukushikia kaunta. Ile kutembea tu inampoza, na mkifika mara nyingi lebo ni ya bidhaa ya jirani yake au ni ofa iliyoisha watu wakasahau kuibandua. Kama ni lebo imesahaulika mi naona duka libebe hasara yake, mteja hakuibandika, ila wa kuamua ni bosi sio mimi wala wewe.

*Kurudisha bila risiti.* Usianze na "huna risiti hatuwezi". Uliza alinunua lini na alilipaje, kama ni kwa kadi au kwa simu muamala upo na unatafutika. Nusu ya kesi zinaisha hapo. Zikibaki ambazo hazina ushahidi wowote mpe maamuzi mara moja, kwa upole, na usiyabadilishe kwa sababu amepandisha sauti, maana ukifanya hivyo umemfundisha yeye na wote waliosimama nyuma yake kwamba hapa ukipiga kelele unapewa.

*Anayekurekodi na simu.* Usiinyakue, usiizibe na mkono, hapo ndo video inapopata utamu. Ongea vile vile kama bosi wako mkubwa anaangalia, maana huenda kweli ataangalia. Ukiweza sema mara moja kwa utulivu "kaka naomba usinirekodi, nakuhudumia", basi, endelea na shughuli.

Anayeongea na simu huku unamhudumia, anayerusha hela juu ya kaunta badala ya kukupa mkononi, anayekuja mmeshafunga hesabu: hawa wanaudhi ila sio kesi. Okota hela, hesabu, toa chenji, next.

6. Mpaka

Sasa tumefika kwa wa dharau. Mpaka unawekwa kwa sentensi yenye sehemu mbili, ninachoweza kukufanyia na kisichokubalika, na ya kwanza ni muhimu kama ya pili. "Dada, suala la hela yako nataka liishe, ila matusi hapana. Ukiendelea hivyo nitaacha kukuhudumia." Sauti ya chini, bila kutetemesha kichwa, bila "unajiona nani". Ukisema kwa sauti ya ugomvi ni ugomvi, maneno yale yale ukiyasema kama mtu anayetangaza saa ya kufunga yanamkata.

Onyo ni moja. Kama ataendelea tekeleza ulichosema, hapo ndo wengi tunateleza, tunaonya mara tano mpaka onyo linageuka mzaha. "Nimeacha kukuhudumia, supavaiza anakuja." Halafu sogea kweli, geukia kazi nyingine. Na kwa sababu hiyo hiyo usitishie usichoweza, usiseme utaita polisi kama huiti.

Maneno ya kimwili na kushikwa shikwa hayapitii onyo la upole. Mtu akikushika mkono makusudi wakati wa kupokea hela au akatoa maneno ya kitandani, sema wazi na kwa sauti inayosikika "usinishike", sio kwa kunong'ona, waliopo wasikie, toka kaunta mwachie mwenzako, mwite bosi. Usicheke kupunguza aibu, kicheko kile anakisoma kama ruhusa.

Akianza kutishia kupiga, kuvunja, au ameshika kitu, mambo ya heshima na hela yanaishia hapo. Usimguse, usimzuie mlangoni, mwachie njia ya kutoka iwe wazi, rudi nyuma, ita sikyuriti. Akitaka bidhaa abebe, hiyo ni mali, duka lina njia zake. Mfanyakazi anayemkimbiza mtu nje ya duka kwa ajili ya kitu cha mwajiri mi namshangaa sana.

7. Bosi akifika

Mkabidhi kwa sentensi moja mbele ya mteja, isiyo na lawama: "Bosi, huyu kaka ameleta feni haizunguki, hana risiti, nimemweleza habari ya kubadilisha anataka hela." Mteja asikie umeieleza shida yake kwa haki, inampunguzia nusu ya hoja. Habari ya matusi utamwambia bosi pembeni, isipokuwa kama yanaendelea.

Halafu kuna hili linalouma kuliko mteja mwenyewe, bosi anafika, hata hajakuuliza, anampa mteja kile ulichokataa, na mteja anakuangalia ule uangaliaji. Usilianzishe pale pale. Ila lisipite. Siku hiyo hiyo mkishatulia mwambie "ulipompa hela nilikuwa nafuata utaratibu ulionipa, kesho akija mwingine nifanye lipi?" Unauliza utaratibu, hulalamiki, na swali hilo halikwepeki. Kama anataka kuwa na huruma kwa wateja ni haki yake, basi akupe na wewe ruhusa hiyo hiyo, au aseme mbele ya mteja "mwenzangu amefuata taratibu, mimi nakufanyia hii mara moja". Maneno manane tu ila yanakuacha umesimama.

8. Ameshaondoka, sasa wewe

Mteja anayefuata hana kosa, na huwa ameona yote, kwa hiyo usimpe masalia. Kama unaweza kupata dakika mbili stoo, kunywa maji, nawa uso, nenda. Kama huwezi, pumzi ile ile ya hatua ya pili halafu "karibu, samahani kwa kusubiri".

Shifti ikiisha andika. Tarehe, saa, alisema nini kwa maneno yake yenyewe (usiandike "alinitukana", andika tusi), nani alikuwepo, kamera ipi inaona pale. Nakala moja kwa bosi, moja kwako. Tukio moja kwenye daftari halionekani kitu, ila mtu yule yule akijirudia ndo unakuwa na cha kumwonyesha bosi, na kama bosi hafanyi kitu unakuwa na cha kumwonyesha aliye juu yake, au chama cha wafanyakazi kama mnacho.

Na usiambiwe hii ni kujideka. Shirika la Kazi Duniani lilipitisha Mkataba namba 190 mwaka 2019 unaohusu ukatili na unyanyasaji kazini, na unagusa mpaka ule unaotoka kwa watu wa nje kama wateja, sio mabosi peke yao. Uskochi ina sheria ya mwaka 2021 inayomlinda mahsusi mfanyakazi wa duka dhidi ya kushambuliwa na kutishiwa, na Tokyo imeanza Aprili 2025 kutumia kanuni inayokataza wateja kunyanyasa wahudumu. Angalia nchi yako imeridhia nini na sheria ya kazi inasemaje kuhusu usalama kazini, mara nyingi mwajiri ana wajibu ambao hakuna aliyewahi kumkumbusha.

Uchovu unaobaki jioni nao ni wa kweli. Mwanasosholojia Arlie Hochschild wa Marekani alieleza mwaka 1983, akiwaangalia wahudumu wa ndege, kwamba kuzuia unachohisi na kuonyesha usichohisi ni sehemu ya kazi yenyewe, kazi inayochosha kama kubeba mizigo. Kwa hiyo ukifika nyumbani hutaki kuongea na mtu, hujawa mtu mbaya, umebeba mizigo. Simulia mara moja kwa mtu anayekuelewa, hasa mwenzako wa kazini, halafu iache, ukiisimulia kwa watu sita umetukanwa mara saba. Ila kama wiki zinapita unalala unaota kaunta na asubuhi tumbo linakaza kabla ya shifti, hiyo imeshapita habari ya kuvumilia, omba ubadilishwe zamu au sehemu, na mwone mtaalamu kama unaweza kumpata.

Swali linalobaki ni akirudi. Na atarudi, wakorofi wengi ni wateja wa kudumu. Kama duka lilimpiga marufuku usimhudumie hata kidogo, mwite bosi kabla hajafika kaunta. Kama hakupigwa marufuku, mpokee kama mteja mwingine, "karibu", bila kununa na bila kujichekesha, ila chukua kaunta ya karibu na mwenzako, taja noti yake kwa sauti, hesabia chenji mkononi mwake na mpe risiti hata kama hajaiomba.